Kufuli la Nyuma

Lori la Zaur ni la mwaka themanini na tatu,
la Kirusi, rangi ya dengu zilizopoa,
na lina tabia niijuayo kuliko nilivyomjua Zaur:
gurudumu moja likikosa udongo, nguvu zote hukimbilia huko,
kwa lile lisilo na kazi, linalozunguka hewani kwa raha zake,
na lile lililokanyaga ardhi husimama, likitazama.
Nimeona familia za namna hiyo.

Mwezi wa sita njia ya Abano inafunguliwa.
Kondoo watapanda Tusheti kwa miguu.
Chumvi, unga, jenereta na mama mkwe watapanda nami.
Kwenye bati la biskuti nina lari elfu moja mia tano,
jibini la majira yote ya baridi,
na pete ambayo sijaikatia shauri.

Vazha fundi anasema: chomelea.
"Gia ndogo za difu, elektrodi sita, mchana mmoja.
Nipe kondoo dume na gongo la zabibu lita tatu, tumemaliza."
Rahisi, kweli. Ila difu iliyochomelewa ni ndoa isiyo na talaka,
hata kwenye kona, pale gurudumu la nje
linapotakiwa kutembea zaidi ya mwenzake.
Nugzar alichomelea. Kona ya tisa kutoka juu
akakata usukani kushoto, lori likaendelea na mawazo yake.
Yeye aliruka. Lori lingali kule bondeni,
mbuzi hulala ndani yake.

Data, mpwa wangu wa Tbilisi, ananitumia picha
ya kufuli la hewa: kompresa, mrija wa buluu,
swichi yenye kifuniko chekundu, utadhani nitarusha kombora.
Bonyeza, difu inafunga. Bonyeza, inaachia.
Nimeitazama picha ile
kama aliyefunga anavyotazama nyama.
Lari elfu tatu, kwa ekseli moja.
Na mrija ukipasuka kule juu kwenye theluji,
nimpigie nani?

Kuna la tatu, la kujifunga lenyewe.
Rustavi wanauza lililotumika, lari mia tisa.
Hukaa palepale pa gia ndogo, krauni haiguswi.
Halina swichi, halikuombi ruhusa,
kwenye barafu laweza kukutupa mkia,
na kila kona linagonga: kla, kla.
Sawa. Kwa miaka ishirini na mbili nililala na mtu asiyesema.

La mbele pia? Vazha anaapa kwamba la mbele ndilo linalopanda mlima.
Ndilo linalovunja viungo vya ekseli vilevile,
na akiba sina.
Kidole kimoja hakivunji chawa;
viwili vya nyuma vitanitosha.
Kitakachobaki ni matairi mawili yenye meno na kamba ya kuvutia.

Kabla ya kulipa nililala chali chini ya lori, tochi mdomoni.
Nikafungua kifuniko. Krauni meno thelathini na saba, pinioni manane.
Mifereji ya ekseli: kumi. Nikarudia: kumi na moja.
Nikarudia: kumi. Mafuta yakanidondokea shingoni.
Nikafuta kifuniko kwa kitambaa,
na upande wa ndani, umekwanguliwa kwa msumari,
mwandiko wa Zaur:
*Vazha, gia ndogo moja imemeguka. Usimwambie Lamara.*

Nilibaki pale chini muda mrefu.
Kumbe ndiyo maana ya elektrodi sita.
Uchomelee kitu, nani tena atakihesabu meno?

Ile gia iko mfukoni mwa koti langu sasa,
pengo lake linakwaruza kidole.
Nafasi yake imekaliwa na kufuli la Rustavi.
Jana nililitoa lori uani, nikakunja getini: kla.
Mama mkwe akatoa kichwa dirishani.
"Nini hicho kinagonga?"
"Difu."
"Itanyamaza lini?"
"Njia ikinyooka," nikasema,
nikakunja tena.